Majani ya Deizi

Gesima, Jumapili, 28 Februari 1971

Tumeamua. Tutanunua ng'ombe.

Naandika hili kwa sababu niliyemtaka ng'ombe ni mimi. Mume wangu Ongeri alitaka tufunge mifereji kwenye bati la nyumba na kununua tangi la maji. Mtoni ni mbali, mteremko ni mkali, na mimi nina mimba ya miezi sita na ushee. Lakini tangi, mifereji na fundi ni zaidi ya shilingi mia sita, na pesa ya chai tuliyoweka haifiki mia tano. Upande wa Sotik kuna Mzungu anayehama. Anauza ng'ombe wa gredi, wa damu ya kizungu, kwa mia tatu na hamsini, ng'ombe ambaye kwingine ungelipa mara mbili. Nikamwambia Ongeri kwamba tangi litatupa maji tu, lakini ng'ombe atatupa maziwa, ndama na mbolea. Mimi binti Opondo nimekulia kando ya ziwa. Kwetu ng'ombe hutoka asubuhi akarudi jioni ameshiba, wala hakuna anayeuliza amekula nini.

Tulimwita mama mkwe, Bochaberi, aje asikilize. Mimi naye lugha zetu ni mbali. Kijaluo hakijui, na Kikisii changu bado kinachechemea, basi tunashikana na Kiswahili alichookota sokoni Daraja Mbili akiuza ndizi. Ndicho Kiswahili cha nyumba hii, na ndicho ninachoandikia hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Hii ng'ombe itakula nini?"

Ongeri akasema majani. Mama akageuka akatazama nje, kwenye chai inayofika mpaka wa jirani, migomba nyuma ya jiko, na kipande cha nyasi ambacho watu kumi wakisimama kimejaa.

"Nunua tangi," akasema. "Ngoja hata mwaka. Tangi haikuli kitu."

Ongeri alinitazama mimi. Nilisema mwaka ni mrefu. Basi ikawa ng'ombe.

Alhamisi, 4 Machi

Amefika. Ongeri na jirani yetu mzee Machogu wamemtembeza siku mbili, na kwato zimemchubuka. Ni mkubwa, mweusi na mweupe, macho ya upole. Mzungu alimwita Deizi, nasi tumemwachia jina lake. Watu wamekuja kumtazama mpaka jua limezama. Binti yetu Loice, wa miaka minne, amemletea ganda la ndizi, naye Deizi akalila mkononi mwake.

Nimefurahi leo kuliko siku ya harusi yangu.

Ijumaa, 5 Machi

Chupa kumi na mbili za maziwa. Debe tatu za maji.

Jumanne, 9 Machi

Kipande cha nyasi kimekwisha. Siku tano tu. Sikudhani mnyama mmoja angekula hivi. Nimemkatia majani ya migomba na mashina yake, na kesho nitashuka kando ya mto, kuna majani marefu upande wa pili.

Jumatatu, 15 Machi

Mvua imeanza. Debe nne, kwa sababu moja ilimwagika njiani.

Jumatano, 24 Machi

Omwenga, mtu wa mifugo, amepita kwa baiskeli yake. Amemfungua Deizi mdomo akahesabu meno, akamgusa kiwele, akasema ni ng'ombe mzuri ila si msichana tena. Akaniuliza dawa ya kupe tunamnyunyizia mara ngapi. Nikasema hatujanyunyizia. Alitikisa kichwa. Ng'ombe huyu si kama wa baba yako, akasema, huyu kupe mmoja mwenye ndigana, ile homa ya ng'ombe, anamlaza chini. Dawa kila wiki, bomba la kunyunyizia, chumvi ya kulamba, pumba za dukani akitoa maziwa, na nepia, yale majani marefu ya kulishia, ipandwe, tena nyingi.

"Mzungu alikuwa na wafanyakazi wangapi?" akaniuliza.

Sikujua.

"Kwa huyu peke yake si chini ya wawili," akasema. "Wewe una wangapi?"

Alisema kwa wema, lakini alipoondoka niliingia jikoni nikakaa. Pesa ya maziwa ya wiki hii haikulala nyumbani. Ilipita dukani ikageuka pumba, na nusu ya chupa ya dawa.

Jumapili, 28 Machi

Tumepanda nepia pale palipokuwa na viazi vitamu vya mama mkwe. Aling'oa viazi vyake mwenyewe. Omwenga anasema nepia ni miezi mitatu, minne.

Alhamisi, 1 Aprili

Debe nne. Majani mizigo miwili.

Ijumaa, 2 Aprili

Debe nne. Majani mizigo mitatu, kwa sababu kesho ni Sabato na hatukati. Mgongo unaniuma mahali pamoja, kama mtu ameweka kidole hapo akakisahau.

Jumanne, 6 Aprili

Mama mkwe ananichosha. Kila nikipanda kutoka mtoni yuko mlangoni kwake, mkono kiunoni, ananitazama mpaka nitue debe. Hanisalimu, hanilaumu. Najua analosema moyoni mwake. Anasema, mliambiwa. Leo nilimwambia Ongeri kwamba afadhali mama angenitukana tukamaliza. Ongeri alicheka kidogo, akasema mama yake ndivyo alivyo. Kisha akachukua baiskeli akaenda kazini kwake kwenye kituo cha chai. Yeye hurudi saa kumi na mbili, akanywa maziwa, akaenda kumpapasa Deizi shingoni, akamwonyesha kwa anayepita. Simlaumu. Ndiyo saa aliyo nayo.

Jumatano, 14 Aprili

Asubuhi nimekuta mzigo wa majani mlangoni mwa zizi. Mabichi, yamefungwa kwa kamba ya mgomba. Nimemshukuru Ongeri, akasema si yeye.

Ijumaa, 16 Aprili

Tena mzigo.

Jumapili, 18 Aprili

Leo niliamka kabla ya jogoo kwa sababu ya mgongo, nikamwona. Mama mkwe alikuwa anapanda mteremko katika ukungu, mzigo kichwani unamfunika uso, miguu mitupu inatafuta mahali pa kukanyaga. Aliuweka mlangoni mwa zizi taratibu kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Kisha akasimama ameshika nguzo, anahema.

Nilirudi ndani kabla hajaniona. Nimeona aibu siku nzima. Alikuwa anasimama pale mlangoni ananihesabia safari, apate kujua kesho apunguze ngapi.

Jumatatu, 26 Aprili

Mvua kila siku saa nane. Njia ya mtoni imekuwa sabuni. Debe nne.

Alhamisi, 29 Aprili

Deizi hakula jana. Ongeri alimfuata Omwenga mpaka Keroka. Sindano mbili. Amepona, lakini fedha iliyobaki ya chai imekwenda yote. Ongeri alisema kama tungeiweka ile ya ng'ombe na hii ya dawa na pumba, tangi lingekuwa karibu. Kisha akatoka nje, kwa sababu alijua nimesikia.

Jumanne, 11 Mei

Nimejifungua msichana, alfajiri, hapa nyumbani. Mama mkwe ndiye aliyempokea. Mikono yake ni migumu kama gome, lakini haikuniumiza. Tumemwita Nyanchera.

Ijumaa, 14 Mei

Siruhusiwi kutoka. Mama mkwe amechukua maji, majani, kila kitu. Naketi kitandani nasikia miguu yake ikipita nje ya ukuta, kwenda, kurudi. Nilimwambia aache, nina nguvu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mtoto, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe tumezungumza mpaka uji ukapoa.

Alinieleza kwamba alipokuwa na mimba ya Ongeri, mumewe alinunua jiwe kubwa la kusagia, la bei rahisi, kwa sababu lilikuwa zito mno na hakuna mwanamke aliyelitaka. Mumewe alilisifu kwa majirani. Yeye alilisukuma miaka kumi na tisa. Akanionyesha bega la kulia, limeshuka kuliko la kushoto. Sikuwahi kuliona.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?" nikamwuliza.

"Nilisema tangi."

"Ulisema tangi. Hukusema bega."

Alimfunika mtoto miguu.

"Wewe ulikuwa na furaha," akasema. "Hapa kwetu hukuwa na furaha kitu ingine. Nikasema, basi, tutabeba."

Jumapili, 23 Mei

Sijalala. Nitaandika yote jinsi yalivyokuwa.

Ijumaa mchana ilinyesha mvua ya mawe, majani ya Sabato hayakukatwa. Jana asubuhi Deizi alianza kulia kabla ya jua kutoka. Ongeri alikwenda kanisani na Loice, kwa sababu yeye ndiye anayesoma hesabu ya shule ya Sabato. Mama alikuwa amejitayarisha kwenda pia, kitambaa cheupe kichwani, gauni la bluu analovaa siku hiyo tu. Mimi nilikuwa na mtoto wa siku kumi na moja. Deizi alilia, akalia. Nilimfunga mtoto mgongoni nikachukua mundu. Mama aliniona kutoka kwenye njia, akarudi, akaushika ule mundu mkononi mwangu.

"Leo ni Sabato, mama," nikamwambia.

"Najua siku. Ng'ombe haijui."

"Watu watasema."

"Mungu akiniuliza nitamwambia. Watu nao wangoje zamu yao."

Akashuka na nguo zake za kanisa. Mama huyu hajawahi hata kuchota maji baada ya jua la Ijumaa kuzama. Nilimtazama mpaka kitambaa cheupe kikapotea kwenye chai.

Nilingoja. Nilimnyonyesha mtoto, nikangoja tena. Niliposhuka nilimkuta karibu na mto, kwenye mtaro ulio kati ya chai ya Machogu na njia. Mzigo ulikuwa bado umefungwa vizuri. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umegeukia upande usiokuwa wake. Hakuwa analia. Kitambaa kilikuwa matopeni, nikakiokota, nikamfuta uso.

"Ficha hiyo majani," akaniambia. "Sasa wanatoka kanisani."

Nilitaka kukimbia kuita watu. Alinishika mkono, akakataa kuniachia. Basi nikauvuta mzigo nikausukuma chini ya miche ya chai, na mundu nikauchomeka humo humo. Hapo ndipo aliponiachia, na ndipo nilipopiga kelele.

Wanaume walimbeba juu ya ngazi, wamemfunika blanketi. Waliuliza alikuwa anakwenda wapi. Nilisema alikuwa anakwenda kanisani kwa njia ya mtoni. Mtu wa gari la kukusanya chai alikubali kumpeleka hospitali Kisii, na Ongeri akaenda naye.

Jioni, Sabato ilipokwisha, nilishuka nikatoa mzigo chini ya chai. Nilisimama nao mbele ya zizi, nikataka kuutupa. Deizi alikuwa ananyoosha shingo. Nikampa. Akala yote.

Jumatano, 26 Mei

Ongeri amerudi. Ni mfupa wa nyonga. Wanasema kwa umri wake mfupa hauna haraka. Debe nne, mtoto mgongoni.

Jumanne, 1 Juni

Mama ameletwa nyumbani. Ameomba mwenyewe. Amekuwa mdogo.

Ijumaa, 4 Juni

Baridi, mvua nyembamba isiyokoma. Mama anakohoa. Nilimpelekea uji akasema, kaa kidogo. Nikasema nakuja, mama, wacha nimnyweshe Deizi. Niliporudi alikuwa amelala.

Jumatatu, 7 Juni

Debe nne. Majani mizigo mitatu. Mama alisema, kaa. Nikasema nakuja.

Alhamisi, 10 Juni

Leo nilikaa. Si muda mrefu. Nilimkanda lile bega. Aliniuliza kwetu ziwani watu wanachota maji wapi, nikamwambia unaingia tu mpaka magotini, unainama. Alitaka nirudie mara mbili. Aliona ni jambo la ajabu, maji yaliyo sawa na nyumba. Kisha Deizi alilia.

Jumamosi, 12 Juni

Wanawake wa kanisa wamekuja kuomba naye. Mmoja alisema, mama yetu alianguka akija nyumbani mwa Bwana. Mama alifumba macho. Mimi nilitoka nje.

Jumatatu, 14 Juni

Kifua kimekuwa kibaya. Ongeri amekwenda kutafuta dawa. Nimesema nakuja mara ngapi leo, sijui.

Ijumaa, 18 Juni

Mama Bochaberi amefariki jana, kama saa tano asubuhi.

Mimi nilikuwa mtoni. Kulikuwa na foleni, kwa sababu mvua imebomoa mahali pa kuchotea na tunatumia jiwe moja. Nilikuwa nimeshachukua debe la pili, nikasema moyoni, nikishachota la tatu nitakaa naye mpaka mchana. Nilipanda. Loice alikuwa amesimama mlangoni kwa nyanya yake, ameshika kikombe.

"Nyanya hataki maji," akaniambia.

Debe lilikuwa bado kichwani. Sikumbuki nililitua namna gani.

Jumatatu, 21 Juni

Tumemzika jana. Watu wengi, hata kutoka Manga alikozaliwa. Chai ilitosha kila mtu na ikabaki, na maziwa hayakupungua. Wanawake walisifu maziwa. Walisema Bochaberi alibahatika, amekufa katika boma lenye ng'ombe wa gredi.

Jumatano, 23 Juni

Jana jioni Ongeri alinifuata zizini nikikamua. Hajawahi kuja saa hiyo. Alisimama, kofia mkononi.

Nilimwambia kabla hajafungua mdomo. Nilimwambia habari ya majani chini ya chai, na Sabato, na kwamba ng'ombe nilimtaka mimi, kwa sababu bei ilikuwa ndogo na mwaka ulikuwa mrefu.

Alisema alijua habari ya majani. Mama alimwambia hospitalini.

"Siku ile mama alipouliza ng'ombe atakula nini," akasema, "mimi nilijua jibu. Nimezaliwa hapa, Rispa. Nilijua atakula kwa vichwa vyenu. Nikakutazama wewe, kwa sababu wewe ukikubali mimi sina kosa."

Nilimaliza kukamua. Alichukua ndoo ya maziwa akaibeba mpaka nyumbani, akiwa nyuma yangu.

Tumekubaliana Deizi auzwe.

Jumapili, 27 Juni

Amekuja kijana aitwaye Onchiri na mke wake, Nyangate. Hawajamaliza mwaka katika ndoa. Ongeri ametaja bei ndogo kuliko tuliyonunulia, ili aondoke upesi, na Onchiri macho yakamng'aa. Nyangate naye alikuwa ameshamkumbatia Deizi shingo.

Wanaume walipokuwa wanazungumza nilimwuliza Nyangate kwao maji yako wapi. Akasema chini, mbali, zaidi ya hapa. Nikamwomba anisindikize mtoni. Nilimpa debe moja, nami nikachukua moja. Sikumsema ng'ombe kwa ubaya hata kidogo. Tulishuka, tukachota, tukapanda. Kwenye kona ya chai ya Machogu aliomba tupumzike.

"Ni mara ngapi kwa siku?" akaniuliza.

"Nne. Kiangazi labda tano. Kisha majani."

"Na nani anakusaidia?"

"Alikuwako mama mkwe."

Alinitazama nguo zangu za matanga. Akajitwika debe lake. Tulipofika alitua debe, akaenda kwa mumewe akasema naye Kikisii cha haraka, kwa sauti ya chini. Onchiri alikasirika, akajaribu kumbishia. Nyangate alikwisha kushika njia.

Ongeri aliliangalia lile debe la pili, akaelewa.

Jumatano, 7 Julai

Shule moja ya bweni, ya upande wa barabara kuu, imemchukua. Wana bomba la maji na uwanja mkubwa wa nyasi, na wachungaji wawili wa mshahara. Wametulipa mia mbili na ishirini. Deizi hakukataa kwenda. Hana kosa lolote, alikuwa na njaa tu. Loice alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi analia.

Alhamisi, 8 Julai

Mvua imekatika. Leo nimekwenda mtoni mara moja.

Nilifagia, nikafua nguo za mtoto, nikapika mboga, nikachanja na kuni za kesho. Nilipomaliza jua lilikuwa bado juu ya migomba. Niliosha sufuria iliyokuwa safi. Kisha nikamchukua Nyanchera nikaenda kukaa kizingitini kwa mama. Mlango umefungwa kwa kamba. Nilikaa hapo, mtoto mapajani, mpaka kivuli cha paa kikafika miguuni mwangu, kikanipita. Hakuna aliyeniita.